Mtindi wa Kigiriki na Mtindi wa Stendi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotutaka tuandike insha juu ya jambo tusiloweza kulisahau, wenzangu wengi waliandika juu ya meli, ndege na mechi za mpira. Mimi nimechagua kuandika juu ya kikombe kimoja cha mtindi. Huenda mtacheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana katika kikombe hicho nilipata utamu na aibu kwa wakati mmoja.

Kwanza sharti niwaeleze habari za kwetu. Nyumbani ni Kiromo, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Baba yangu alifariki nilipokuwa darasa la tano, na tangu siku hiyo Mama ndiye anayenitunza mimi pamoja na wadogo zangu wawili. Ni kweli kwamba ada ilifutwa katika shule za serikali tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari, sabuni na nauli havikufutwa. Vyote hivyo hutoka katika ndoo ya mtindi ya Mama.

Kila jioni huja mfugaji mmoja na pikipiki, amefunga madumu ya maziwa nyuma yake. Mama hununua lita kumi na tano. Huyachemsha, kisha huyaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kiasi cha mtu kuweza kutia kidole na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Hapo hutia kikombe kimoja cha mtindi wa jana uwe mbegu, akafunika sufuria kwa kanga kuukuu na kuiweka karibu na majivu yenye joto. Asubuhi maziwa yameganda. Huyamimina katika ndoo nyeupe yenye kifuniko, akapanda daladala mpaka Bagamoyo mjini, akakaa stendi chini ya mwavuli wa kijani na kuuza kikombe kwa shilingi 500.

Shule yetu ya bweni haiko mbali na stendi hiyo. Jumamosi za ruhusa, wanafunzi wote huelekea huko. Na hapa ndipo penye kosa langu. Tangu kidato cha kwanza niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu ni mfanyabiashara. Haikuwa uwongo, wala haikuwa kweli yote. Nilipotoka nao nilitafuta sababu ya kupita njia ya nyuma, mara nataka kununua kalamu, mara nataka kutazama bahari. Nilipokuwa peke yangu nilikwenda kumwamkia. Mama alinipa kikombe cha mtindi, nami nilikunywa upesi huku nikitazama kulia na kushoto kama mtu anayeiba. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikuja na rafiki zangu.

Basi, muhula uliopita walimu wetu walitupeleka Dar es Salaam kutazama Makumbusho ya Kijiji, yaliyoko Kijitonyama, ambamo mna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Tulitembea toka nyumba hata nyumba, tukaandika katika madaftari yetu, tukapiga picha. Ilipofika yapata saa nane mchana, baba wa rafiki yangu mmoja, ambaye anakaa mjini humo, alikuja kumwomba mwalimu ruhusa. Alitaka kumchukua mwanawe na wenzake watatu kwa saa moja tu, awape kitu cha kuburudisha koo. Mwalimu alikubali, nami nilikuwa mmoja wa hao watatu. Tukapanda motokaa yake tukaenda.

Alitupeleka katika duka moja lenye milango ya vioo. Ndani mlikuwa na baridi kama ya alfajiri ya mwezi wa saba. Ukutani palikuwa na ubao ulioandikwa kwa Kiingereza aina nyingi za barafu tamu. Baba wa rafiki yangu akasema, “Leo nataka mwonje kitu ambacho hamjakionja. Tupe vikombe vitano vya mtindi wa Kigiriki uliogandishwa, wenye asali.” Nilitazama bei. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 9,000. Hata kabla sijaonja, nilikwisha kufanya hesabu kichwani: vikombe 18 vya Mama.

Mtindi ulikuja katika vikombe vidogo, mweupe, umefinyangwa kama kichuguu, na juu yake umemwagiwa asali ya rangi ya dhahabu. Kijiko kilisimama chenyewe. Nilipoonja mara ya kwanza sikusikia ladha yoyote ila baridi. Mara ya pili nilisikia uchachu, si ule wa kukunja uso, bali wa kumfanya mtu atake tena. Kisha ikafuata asali, polepole, ikabaki kooni hata baada ya kumeza.

Hapo nikaacha kula. Ladha ile nilikuwa naijua.

Nilipokuwa darasa la tatu niliugua malaria, nikakaa siku nyingi siwezi kula kitu. Mama alichukua mtindi, akaufunga katika kitambaa cheupe safi na kukitundika kwenye msumari usiku kucha. Usiku ule nilisikia matone yakidondoka katika beseni moja moja. Asubuhi mtindi ulikuwa mzito kama siagi. Mama akautia asali aliyoinunua kwa mrina asali wa kijijini, akanilisha kwa kijiko. Hicho ndicho chakula cha kwanza kilichokaa tumboni mwangu. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha, na kwetu hufanywa mtu anapougua, au mwezi wa Ramadhani. Basi nilikuwa nimeketi Dar es Salaam, mbele ya kikombe cha shilingi 9,000, nikila dawa yangu ya utotoni iliyotiwa baridi.

Baba wa rafiki yangu alimwuliza dada wa pale mtindi ule unafanywaje. Naye akaeleza vizuri kwamba maziwa hugandishwa, kisha mtindi huchujwa maji yake kwa kitambaa mpaka uwe mzito, ukatiwa asali, ukawekwa katika mashine ya baridi inayoukoroga. Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, “Wenzetu wana akili. Tazameni walichokifanya kwa mtindi tu!”

Rafiki yangu akaongeza, “Naam, Baba, si kama ule wa yule mama wa stendi kwetu Bagamoyo, unaomiminika kama maji ya kufulia.”

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sikulazimishwa na mtu. Ningeweza kunyamaza, maana kinywa changu kilikuwa kimejaa mtindi. Lakini nilicheka, tena kwa sauti, ili asiwepo wa kunitazama usoni. Kile kilichobaki katika kikombe nilikimaliza, lakini sikusikia tena ladha yake.

Tulirudi jioni. Basi letu lilipita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga na Kerege, wenzangu wakiimba. Tulipofika Kiromo nilisogea dirishani. Niliona taa ya uani kwetu ikiwaka na moshi ukipanda. Nilijua kwamba saa ile Mama alikuwa akichemsha maziwa. Basi likapita upesi, giza likafunika nyumba, nami nikaegemeza kichwa kwenye kioo nikajifanya nimelala.

Siku zilizofuata nilianza kuuliza maswali. Nadhani nilikuwa natafuta jambo la kunitetea. Mwalimu wa baiolojia alinieleza kwamba maziwa hugandishwa na bakteria ambao hula sukari ya maziwa na kuifanya asidi. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, akisoma huko Geneva katika Uswisi, alichunguza mtindi wa kwao kwa hadubini akawaona. Mmoja wao baadaye aliitwa kwa jina la nchi yake, Lactobacillus bulgaricus. Ile mbegu ya mtindi wa jana aitiayo Mama si kitu kingine ila bakteria, ingawa yeye hajapata kuwatazama kwa hadubini.

Mwalimu wa historia naye alinikumbusha kwamba Wagiriki si wageni kabisa kwetu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo kiliandikwa kwa Kigiriki kitabu kiitwacho Periplus, kinachowaeleza mabaharia habari za pwani yetu, ambayo wao waliiita Azania, na soko lake la Rhapta. Na katika karne ya 20 Wagiriki wengi walikuja Tanganyika wakalima mkonge na tumbaku. Nikasoma pia kwamba huko kwao mtindi mzito huitwa kwa neno lenye maana ya “uliochujwa” tu, na kwamba ni desturi yao kuula kwa asali. Kuugandisha na kuuuza kama barafu tamu ni biashara iliyoanza baadaye sana, huko Marekani katika miaka ya 1970.

Nilipoyaunganisha hayo yote nikaona kwamba aliyevumbua mtindi wa Kigiriki hakuwa fundi wa mashine. Alikuwa mtu mwenye mifugo, sufuria na kitambaa, kama mfugaji wetu wa pikipiki na kama Mama. Nilidhani nikikwisha kujua hayo aibu itanitoka. Haikunitoka, maana sikuwa nimewakosea Wagiriki.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda nyumbani. Usiku wa kwanza, wadogo zangu walipokwisha kulala, nilikaa na Mama karibu na jiko, nikamweleza yote, tangu njia ya nyuma hata kicheko cha Dar es Salaam. Mama hakuacha kukoroga maziwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza:

“Ulicheka kwa sababu mtindi wangu ni mbaya, au kwa sababu wenzako walicheka?”

“Kwa sababu wenzangu walicheka, Mama. Nisamehe.”

“Basi mtindi hauna kosa,” akasema. Akakoroga tena. “Na huo wa shilingi 9,000, ulikuwa mzuri?”

“Mzuri, Mama. Ulikuwa kama ule ulionilisha nilipougua, ila wa baridi.”

“Haya. Kesho niletee kile kitambaa cheupe.”

Kesho yake tulitundika lita nne za mtindi, na asubuhi iliyofuata tukapata kama lita mbili za mtindi mzito. Ukatiwa asali. Sasa shida ikawa baridi, kwa sababu sisi hatuna friza. Lakini mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametufundisha kwamba barafu ikichanganywa na chumvi huyeyuka, na katika kuyeyuka huko hushuka baridi kupita sifuri, hata kuweza kufikia nyuzi 21 chini ya sifuri. Tena Bagamoyo vyote viwili vipo. Barafu nilinunua ufukweni kwa wauza samaki, na chumvi ya mawe nilipata ile inayovunwa Nunge.

Niliweka sufuria ya mtindi ndani ya ndoo, nikaizungushia barafu, nikanyunyiza chumvi gao moja tu kwa kuogopa kuipoteza. Tukakoroga saa nzima. Mtindi ukabaki kama uji, na barafu ikaisha. Mama akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Mgiriki wako amekataa kuganda!” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimweleze habari zile kumsikia akicheka, nami nikafurahi kwamba safari hii ninachekwa mimi.

Siku ya pili nilifuata vipimo nilivyofundishwa, yaani sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi. Ndoo ikaanza kutoa umande nje, kisha umande ukawa barafu nyeupe. Tulipokezana mwiko, maana usipokoroga, maji yaliyomo hufanya vipande vya barafu vinavyokwaruza ulimi. Baada ya kama dakika 40 mwiko ukawa mzito mkononi. Mama akaonja, akafumba macho. “Huu una baridi ya kuumiza meno,” akasema, “lakini ni mtindi wa mama yangu.”

Jumapili ya wazazi kutembelea shule ikafika. Nilikuwa nimemwomba Mama aje, na aje na ndoo yake. Alikuja amevaa kanga zake za sikukuu, na ndoo mbili mkononi. Nilimwona tangu langoni. Wasomaji wapenzi, sitawaficha: hata siku hiyo miguu yangu ilitaka kupita njia ya nyuma. Nikaikaza, nikaenda mpaka langoni, nikampokea mizigo mbele ya watu wote.

Tulikaa chini ya mwembe. Tulipokwisha kuukoroga ukaganda, niliwaita wale wenzangu watatu. Nikawaambia, “Huyu ni mama yangu. Ndiye yule mama wa stendi. Siku ile tulipomcheka nilikuwa namjua, na mimi nilicheka pamoja nanyi.”

Hakuna aliyesema neno. Rafiki yangu yule alitazama chini, nami niliona masikio yake yakitetemeka. Kisha akapiga goti kidogo akasema, “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, wanangu,” akajibu Mama. “Naweni mikono mle, utayeyuka huu.”

Tukala kwa kimya. Kikombe cha pili ndipo mmoja aliposema kwamba huu ni ule ule wa Dar es Salaam. Mwingine akasema huu umeuzidi, kwa sababu asali yake inanukia maua. Jioni, tulipokuwa tukirudi bwenini, rafiki yangu alinishika mkono akaniomba radhi. Nikamwambia, “Wewe ulicheka mtu usiyemjua. Mimi nilimcheka mama yangu. Nani kati yetu amwombe mwenzake radhi?” Tukaenda bila kusema zaidi, na urafiki wetu umezidi tangu siku ile.

Huenda mwataka kujua kama Mama sasa amekuwa tajiri kwa mtindi wa Kigiriki. La. Barafu ni ghali na huyeyuka njiani, kwa hiyo hauuzi ukiwa umeganda. Lakini kila Jumamosi huchuja kiasi, akatia asali na kuuza kikombe kidogo kwa shilingi 1,500, kando ya ule wa shilingi 500. Siku nyingine huisha kabla ya adhuhuri, na siku nyingine hurudi nao nyumbani wadogo zangu wakaula. Mama husema biashara ndivyo ilivyo.

Wasomaji wapenzi, sisemi tusionje vya wengine. Mtindi wa duka lile ulikuwa mzuri, nami namshukuru mzee yule aliyetulipia, kwani alitutendea wema. Tena bila kikombe chake huenda ningemaliza kidato cha nne nikipita njia ya nyuma. Wahenga walisema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Nilikuwa nimeisikia methali hii tangu darasa la kwanza, na kuiandika katika insha nyingi nikapewa alama nzuri. Maana yake niliijua siku nilipocheka.

Jumamosi ya ruhusa ijayo mkifika stendi mtaona mwavuli wa kijani na ndoo nyeupe. Karibuni. Mtanikuta hapo hapo, naosha vikombe.